Makomamanga ya Newport: mapambo mawili ya fedha, jumuiya mbili na karatasi za 1903

Mwaka 2012 jumuiya ndogo ya Wayahudi wa Newport, mji wa bandari katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, ilikuwa tayari kuuza mapambo yake mawili ya fedha ya karne ya 18, yanayovikwa juu ya gombo la Torati. Mnunuzi alikwisha kupatikana, Makumbusho ya Sanaa ya Boston, na bei ilikwisha kutajwa: dola milioni 7.4. Jumuiya hiyo, iitwayo Jeshuat Israel, ilikuwa na hali ngumu ya pesa. Ilikusudia kuziweka pesa za mauzo ziwe mtaji wa kudumu ambao faida yake ingeendesha ibada na kutunza jengo. Ndipo jumuiya nyingine, Shearith Israel ya New York, iliposema kwamba kinachouzwa si mali ya muuzaji. Novemba ya mwaka huohuo wakafikishana mahakamani. Shauri halikufika mwisho mpaka Machi 2019, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kulisikiliza.

Vyombo vya fedha vya ibada ya Kiyahudi huandikwa zaidi kwa macho ya wauzaji na wakusanyaji: sonara ni nani, kazi ni ya miaka gani, uzito wake, nakshi yake ni ya mtindo upi. Kwa maswali hayo jozi ya Newport ina majibu mazuri kuliko vyombo vingi vya aina yake. Mahakama iliuliza jambo jingine, kwamba ni ya nani, na hapo fedha yenyewe ilinyamaza. Kilichojibu ni karatasi za upangaji zilizotiwa saini mwaka 1903 na watu ambao, naamini, hawakuwa wakifikiria fedha hata kidogo. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa taratibu, kwa sababu majaji wawili wenye akili timamu walisoma historia ileile wakafika pande mbili tofauti kabisa.

Chombo chenyewe

Torati ya kusomwa katika sinagogi huandikwa kwa mkono juu ya ngozi na kuzungushwa kwenye fito mbili za mti. Inapokuwa haisomwi hufungwa, ikavikwa joho la kitambaa, na juu ya ncha mbili za fito zinazochomoza huvikwa mapambo mawili ya fedha. Waebrania huyaita rimonim, yaani makomamanga. Chimbuko la jina na la vikengele vinavyoning'inia humo huonekana katika kitabu cha Kutoka sura ya 28, pale vazi la kuhani mkuu linapoamriwa kuwa na komamanga na kengele za dhahabu katika pindo lake, ili sauti isikike anapoingia patakatifu. Gombo linapotolewa sandukuni na kuzungushwa kati ya watu waliosimama, vikengele hulia kwa kila hatua. Anayeyaona makomamanga haya ndani ya kabati la kioo ameona nusu tu ya kazi ya sonara, maana nusu ya pili ni mlio.

Sheria ya dini haikueleza umbo lake. Ndiyo maana kila nchi ilileta lake, na hapa ndipo somo la nakshi linapokuwa tamu. Jozi ya kale kuliko zote zinazojulikana ilitengenezwa kwa ajili ya sinagogi la Cammarata, Sicily, katika karne ya 15, na leo imo katika kanisa kuu la Palma, kisiwani Mallorca. Si matunda hata kidogo: ni minara ya pembe nne yenye madirisha ya matao, iliyotiwa mawe ya rangi na maandishi ya Kiebrania. Wayahudi walifukuzwa Sicily kwa amri ya 1492, jozi ikaingia mikononi mwa kanisa, na kanisa likaihifadhi kwa kuitumia katika maandamano yake lenyewe. Amsterdam nako, katika karne ya 17 na ya 18, masonara walijenga minara ya ghorofa kadhaa inayofanana na minara ya kengele ya mji ule, kila dirisha na kikengele chake. London walipendelea vifundo vya mviringo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikipungua ukubwa kuelekea juu, na taji kileleni.

Katika sehemu nyingi za Ulaya vyama vya masonara viliwafungia Wayahudi mlango, kwa hiyo vyombo vingi vya sinagogi vilifuliwa na Wakristo kwa maelekezo ya wateja wao. Macho ya mfuaji yalikuwa yamezoea mnara wa kanisa na birika la kahawa la tajiri, na mkono wake ukafuata macho. Silioni hilo kuwa upungufu. Ndilo linalomwezesha mtaalamu kuangalia nakshi peke yake na kutaja mji, mara nyingine hata karakana. London ya mwanzo wa karne ya 18 ilikuwa na mtu wa pekee, Abraham de Oliveyra, Myahudi aliyezaliwa Amsterdam, aliyefua makomamanga kwa ajili ya watu wa dini yake mwenyewe. Ng'ambo ya Atlantiki mtu wa namna hiyo alikuwa Myer Myers.

Myers alizaliwa New York mwaka 1723, wazazi wake wakiwa wametoka Uholanzi. Mwaka 1746 aliandikishwa kuwa raia huru wa mji huo mwenye haki ya kufanya kazi ya usonara kwa jina lake. Wateja wake wakubwa walikuwa familia za matajiri kama Livingston. Aliwafulia mabirika, vinara, sinia na vikombe, na makanisa nayo yalimwagiza vyombo. Alikuwa mtu mzito katika jumuiya ya Shearith Israel, akawahi kuiongoza. Vita vya uhuru vilimtoa New York, akarejea vilipokwisha, akafariki mwaka 1795.

Makomamanga yake hufuata mtindo wa London: vifundo vinavyopanda kwa kupungua, fedha iliyofuliwa kisha ikatobolewa na kuchongwa majani na maua, vikengele vikining'inia pembeni, baadhi ya sehemu zikiwa zimepakwa dhahabu ili ziachane na weupe wa fedha. Jozi alizozifanya zilizobaki duniani ni chache mno, za kuhesabika kwa vidole. Ukiyaweka karibu na birika lake la kahawa utatambua mkono ni mmoja, maana uvimbe wa tumbo la birika ndio uvimbe wa kifundo, na jani linalopamba mdomo wa birika ndilo limepanda juu ya fedha takatifu. Hakuwa na mitindo miwili, mmoja wa mezani kwa Livingston na mwingine wa sinagogi. Napenda sana jambo hilo katika kazi yake. Ustadi alioulipiwa na matajiri wa mji aliupeleka mbele ya Torati bila kuupunguza wala kuugeuza.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo baadaye lina uzito katika kisa chetu. London, fedha ilipelekwa ofisi ya vipimo, ikapigwa mihuri kadhaa, mmojawapo ukiwa herufi ya mwaka. Makomamanga ya de Oliveyra kwa hiyo yanabeba tarehe yao. Makoloni ya Amerika hayakuwa na ofisi ya namna hiyo. Myers alipiga muhuri wa jina lake tu, basi. Mtaalamu anaweza kusema kwa ujasiri kwamba jozi ni ya Myers na ni ya miaka ya 1760 au 1770, lakini ndani ya fedha hakuna mwaka, na muhuri haumtaji aliyelipa.

Newport, utajiri wake na ukimya wake

Wayahudi wa Newport walikuwa wamekwisha kununua ardhi ya makaburi mwaka 1677. Katikati ya karne ya 18 wengi wao walikuwa watu wenye asili ya Hispania na Ureno, ambako kizazi baada ya kizazi familia zao ziliishi kama Wakristo kwa nje. Mwaka 1759 walianza kujenga sinagogi kwa michoro ya Peter Harrison, na Desemba 1763 likafunguliwa. Ndani kuna nguzo 12, zikikumbusha makabila 12 ya Israeli. Ni jengo la kale kuliko masinagogi yote yaliyosimama Marekani hadi leo. Jumuiya ilijiita Yeshuat Israel. Mwaka 1790 George Washington aliwaandikia barua akiwaahidi kwamba serikali ya taifa jipya haitaupa ubaguzi kibali wala mateso msaada.

Pesa zilizolijenga jengo hilo na kulijaza fedha zilitoka baharini: mishumaa ya mafuta ya nyangumi, pombe ya ramu, mbao, samaki, na watu. Newport ilikuwa bandari kuu ya biashara ya utumwa katika makoloni ya Amerika Kaskazini. Meli zake zilipeleka ramu pwani ya Afrika Magharibi na kurudi visiwani Karibi na makoloni ya kusini zikiwa na wafungwa. Wafanyabiashara wa Kikristo ndio waliokuwa wengi katika biashara hiyo, lakini Aaron Lopez na mkwewe Jacob Rodriguez Rivera, nguzo mbili za sinagogi hili, nao waligharamia safari za namna hiyo. Msomaji wa Kiafrika hawezi kuisifu fedha hii bila kulitaja hilo, na sidhani kwamba msomaji yeyote anapaswa. Hukumu za kesi hazikuwa na sababu ya kulizungumzia. Sisi tunayo.

Desemba 1776 majeshi ya Uingereza yaliiteka Newport, yakakaa hadi Oktoba 1779. Biashara ilivunjika na haikurudi kama zamani. Familia moja baada ya nyingine ilihamia New York, Philadelphia na kwingineko, na mnamo 1822 mji haukuwa tena na jumuiya ya Kiyahudi. Jengo lilisalia kwa sababu Abraham Touro, mtoto wa kiongozi wa ibada wa zamani, aliacha dola 10,000 mwaka huo kwa ajili ya matunzo yake, na nduguye Judah akaongeza wasia wake mwaka 1854. Jina la Sinagogi la Touro lilitokana nao. Kwa miongo kadhaa lilikuwa jengo linalotunzwa vizuri lisilokuwa na watu.

Vitu vitakatifu haviachwi ndani ya nyumba tupu. Magombo ya Torati yalihamishiwa Shearith Israel, New York, na mwaka 1833 makabidhiano yaliandikwa kwa sharti kwamba yatarudishwa yatakapohitajika na jumuiya itakayoabudu humo siku za baadaye. Mwaka 1883, wahamiaji wapya kutoka Ulaya Mashariki walipokuwa wamekwisha kuwasili Newport, sinagogi lilifunguliwa tena na Shearith Israel ikamtuma kiongozi wa ibada. Wageni hao hawakuwa na damu ya akina Lopez. Lugha yao, desturi zao na namna yao ya kusali vilikuwa tofauti. Hata hivyo waliunda jumuiya na kuchukua lile jina la kale, Jeshuat Israel.

Mwenye nyumba na mpangaji

Hapa ndipo kamba ilipofungwa. Mwaka 1894 Shearith Israel ilikusanya hati kutoka kwa wazao wa waanzilishi, wakiiandikia haki yao juu ya jengo. Wenyeji wa Newport hawakuridhika, na mwaka 1902 baadhi yao waliingia sinagogini na kukataa kutoka. Kesi zikafunguliwa. Mwaka 1903 pande zote zikapatana: Newport ilikubali kwamba Shearith Israel ndiyo mwenye jengo pamoja na vyombo vya ibada vinavyoambatana nalo, na Shearith Israel ikawapangisha jengo na vyombo hivyo kwa dola 1 kwa mwaka. Mkataba ukafanywa upya mwaka 1908. Mwaka 1945 serikali ya Marekani ilipotaka kulitambua sinagogi kuwa eneo la kihistoria la taifa, mkataba wa pande tatu ukatiwa saini, na humo tena Newport ikaitambua New York kuwa mwenye hatimiliki.

Baada ya hapo watu wakaishi. Miaka mia moja na ushee jumuiya ya Newport ilivika makomamanga yale juu ya gombo, ikayang'arisha, ikayatoa kwa maonyesho. Yalipoazimwa kwenda Boston, yaliazimwa na Newport. Hakuna aliyebisha hodi kutoka New York kuuliza vikengele vinaendeleaje. Dola 1 kwa mwaka si kodi ya kumkumbusha mtu kwamba ni mpangaji.

Ilipofika 2012 na mauzo yakajulikana, Shearith Israel ilipinga kwa nguvu. Ilisema ni mali yake, na kwamba kuuza chombo kitakatifu namna hiyo ni kinyume cha desturi. Newport ilienda mahakamani ikitaka itamkwe kuwa mmiliki, tena ikaongeza dai zito zaidi: kwamba sinagogi lote limo katika amana kwa ajili ya wanaoabudu Newport, na Shearith Israel, kama mdhamini wa amana hiyo, iondolewe. Shearith Israel nayo ilitaka itangazwe mmiliki wa vyote viwili, jengo na fedha, na wapangaji waondolewe. Makumbusho ya Boston, yalipoona umiliki una mgogoro, yaliondoa ahadi ya kununua. Tangu siku hiyo zile dola milioni 7.4 hazikuwepo tena mezani. Watu waliendelea kupigania haki ya kuuza kitu ambacho mnunuzi wake alikwisha kuondoka.

Kesi ilisikilizwa Providence, mji mkuu wa Rhode Island, mwaka 2015 mbele ya Jaji John J. McConnell, na Mei 2016 akatoa hukumu ndefu inayosomeka kama kitabu cha historia. Alianza na waanzilishi wenyewe. Ardhi ya sinagogi ilikuwa imeandikwa kwa majina ya watu watatu, mmoja wao akiwa yule Rivera wa mishumaa na meli. Katika wasia wake wa 1787 Rivera alieleza wazi kwamba jengo si mali yake binafsi, bali analishika kwa matumizi na manufaa ya Wayahudi wa Newport, liwe mahali pa ibada daima. Kwa msomaji anayejua wakfu za misikiti ya pwani, maneno hayo hayahitaji ufafanuzi. Jaji aliona hapo amana iliyo hai, inayowafuata waabuduo wowote watakaokuwa Newport. Mdhamini anayeikana amana na kutaka kuwafukuza walengwa wake amejivua udhamini, na jaji akaipa Newport nafasi hiyo. Kuhusu makomamanga, alitazama nani ameyashika kwa zaidi ya karne moja, akaona New York haikuleta ushahidi wa kutosha kulivunja hilo. Newport ilikuwa imeshinda kila kitu.

Agosti 2017 Mahakama ya Rufani iliigeuza hukumu hiyo yote. Aliyeandika ni David Souter, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu aliyekuwa akiketi rufani, na hukumu yake ni fupi ukilinganisha na ile ya kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba mahakama za nchi zinapoingia katika ugomvi wa vyombo vya dini zinapaswa kujihadhari zisije zikaamua mambo ya imani: nani mrithi wa kweli wa jumuiya ya kale, desturi ya nani ndiyo sahihi. Ikiwa wagomvi wenyewe walikwisha kuandikiana mikataba ya kawaida, hiyo ndiyo ianze kusomwa. Na mikataba ilikuwepo: mapatano ya 1903, upangaji wa 1903 na 1908, makubaliano ya 1945. Yote ilimtaja Shearith Israel kuwa mwenye mali na Jeshuat Israel kuwa mpangaji. Vyombo vya ibada vya jengo vilitajwa humo, na makomamanga ni vyombo vya ibada. Shearith Israel inavimiliki vyote, akasema, bila wajibu wa amana ambao mahakama ya kiraia inaweza kuutekeleza. Ombi la kusikilizwa upya lilikataliwa, kisha Machi 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mlango.

Nani alisoma vizuri?

Hukumu ya McConnell inanigusa zaidi. Inawaona watu waliofanya kazi ya kila siku, waliowasha taa na kufunga milango, walioyavika magombo mapambo yake kila Sabato kizazi baada ya kizazi. Inaupa wasia wa Rivera uzito wake. Lakini kadiri ninavyozifuata hoja, ndivyo ninavyoona kwamba Souter ndiye aliyelishika shauri mahali palipostahili.

Sababu ya kwanza ni ile ya fedha kunyamaza. Chukua kila alichokijua mtaalamu wa nakshi kuhusu jozi hii. Myers alikuwa mtu wa Shearith Israel, naye aliishi New York: hilo linavutia upande wa New York. Fedha ilikuwa Newport: hilo linavutia upande wa pili. Masinagogi ya wakati ule yalikopeshana na kupeana vyombo, watu wakihama na magombo yao. Bila herufi ya mwaka, bila jina la mlipaji, umbo la kifundo na jani lililochongwa vinathibitisha karakana, havithibitishi mmiliki. Wanaopenda vyombo vya kale huamini, nami ninaelewa kwa nini, kwamba chombo kikitazamwa vya kutosha kitasimulia maisha yake yote. Jozi hii ilitazamwa na wataalamu bora wa Marekani na haikuweza kusema iliwekwa katika meza ya nani mwaka 1770.

Ya pili ni kwamba kushika hakutoshi pale aliyeshika aliingia kwa mkataba wa upangaji. Jaji wa kwanza alilichukulia shiko la miaka mia moja kuwa dalili ya umiliki, na kwa kitu cha kawaida ni dalili nzuri. Lakini mpangaji hushika vyombo vya nyumba kila siku, na mwenye nyumba hapotezi umiliki kwa kutokwenda kuvitazama. Ukikubali mapatano ya 1903, shiko la Newport linakuwa shiko la mpangaji. Ili kuyakwepa, ingebidi useme kwamba neno la jumla kama vyombo vya ibada halikukusudia vyombo vya thamani kubwa. Thamani kubwa hiyo, mwaka 1903, haikuwepo. Wakati ule jina la Myers halikuwa na soko la mamilioni. Alikuwa sonara wa zamani, na makomamanga yalikuwa vyombo vya gombo kama joho na kijiti cha kusomea.

Hapo ndipo naona udhaifu halisi wa pande zote mbili. Hakuna aliyeandika orodha. Kama mapatano ya 1903 yangekuwa na kiambatisho kinachotaja jozi moja ya fedha, yenye muhuri wa Myers, urefu kadhaa, vikengele kadhaa, ikae Newport, isiuzwe bila ridhaa ya pande mbili, hapangekuwa na kesi. Ukurasa mmoja ungetosha. Wadhamini wa misikiti, makanisa na mahekalu wanaosoma haya wana vyombo kabatini ambavyo vimeandikwa kwa maneno mawili matatu katika daftari, kama vimeandikwa. Bei ya leo ya chombo haipaswi kuwa kipimo cha kukiandika, kwa kuwa bei ya kesho haijulikani.

Swali ambalo Souter alikataa kuligusa, kwa haki kabisa, ni kama mauzo yenyewe yalikuwa mema. Dini ya Kiyahudi ina neno juu ya hilo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sura ya 3 ya kitabu chake cha Megila, inapanga ngazi: watu wa mji wakiuza uwanja wa mji, kwa pesa zake wanunue sinagogi, wakiuza sinagogi wanunue sanduku la Torati, wakiuza sanduku, vitambaa vya kufungia, wakiuza vitambaa, vitabu, wakiuza vitabu, Torati. Kushuka hairuhusiwi. Kwa ngazi hiyo, kuuza pambo la gombo ili kuezeka paa na kulipa mshahara ni kushuka, ingawa marabi wametafuta njia kwa jumuiya iliyo hatarini kufa. Naelewa uchungu wa Newport. Jumuiya isiyoweza kumlipa kiongozi wake itafunga, na makomamanga yatabaki kwenye fito za gombo lisilosomwa. Pamoja na hayo, nadhani kulikuwa na njia ya katikati ambayo haikujaribiwa kwa dhati kabla ya mawakili kuingia: jumuiya ya New York, iliyodai fedha ni yake na haiuziki, ingekaa na mpangaji wake na kuuliza nyumba itaendeshwaje. Kudai umiliki wa kitu kitakatifu na kutodai sehemu ya mzigo wake, hapo sipaoni pazuri.

Shearith Israel haikuishia kwenye fedha. Ilianza hatua za kusitisha upangaji wa jengo, na baadaye mahakama ya Rhode Island ilithibitisha kwamba ina haki hiyo. Kwa hiyo jumuiya iliyotaka kuuza mapambo mawili ili iweze kubaki ndani ya sinagogi ilipoteza haki ya kuyauza, kisha ikapoteza uhakika wa kubaki. Msingi wa hukumu zote mbili ni uleule: upangaji wa dola 1 kwa mwaka.